Meseji haziingii kwenye simu? Jua kwanza zimekwama wapi

Simu ikigoma kupokea meseji watu wengi wanapita njia ileile. Wanazima na kuwasha, haikubali, wanaanza kugusa kila setingi iliyo mbele yao, haikubali, mwisho wanaifuta simu nzima irudi kama ilivyotoka kiwandani, picha za watoto zinaenda, namba za watu zinaenda, na meseji bado haziingii kwa sababu tangu mwanzo tatizo halikuwa kwenye simu. Ndo maana mimi sianzi na setingi, naanza na swali moja tu: hiyo meseji imekwama wapi? Sehemu zenyewe ni tatu. Ama haijatoka vizuri kwa aliyeituma, ama iko kwenye mtandao haijakufikia, ama imeshaingia kwenye simu yako zamani ila simu imeificha. Hiyo ya tatu inatokea sana kuliko watu wanavyodhani.

Kwanza cheki kama una mtandao kabisa

Hii naiweka juu kwa sababu ina haraka. Kama simu imeandika hakuna huduma au ni simu za dharura tu, na uko sehemu ambayo kila siku mtandao unashika, umeshaizima na kuiwasha, na mtu wa pembeni yako mwenye mtandao huohuo yake inashika vizuri, basi achana na setingi. Inawezekana laini imeharibika tu, ila inawezekana pia kuna mtu amejifanya ni wewe akachukua laini mpya yenye namba yako. Laini yake ikiwashwa ya kwako inakufa palepale, na kuanzia hapo meseji zako zote zinaenda kwake, pamoja na zile namba za uthibitisho za benki. Tafuta simu ya mtu yeyote, piga kampuni yako ya simu, waulize kama namba yako imebadilishiwa laini, kama ndiyo waambie waifunge muda huohuo, halafu piga benki na kokote ulikoweka pesa. Mengine yote yatasubiri.

Kama mtandao upo na kupiga simu unapiga vizuri, tulia, tuendelee.

Meseji inasafiri hivi

Hapa nitaongea kidogo maana ukielewa hiki kitu hatua nyingine zote zinaeleweka zenyewe. Meseji ya kawaida haitoki simu hadi simu. Inaenda kwanza kwenye kituo cha meseji cha kampuni ya anayetuma, kituo kinauliza mtandao mwenye namba hii yuko wapi sa hivi, kikijibiwa kinaisukuma mpaka kwenye simu yako, na simu yako inarudisha jibu kwamba nimeipokea. Simu ikiwa imezimwa au haina mtandao, kituo kinaitunza meseji na kuendelea kujaribu mpaka muda wake uishe. Muda huo unapangwa na kampuni, kawaida ni siku kadhaa, ukipita meseji inatupwa na hakuna mtu atakayekuambia kwamba kuna meseji yako ilitupwa.

Mfumo huo ni wa zamani. Meseji ya kwanza duniani ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992 huko Uingereza, mhandisi Neil Papworth alituma salamu za Krismasi kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu ya mkononi kupitia mtandao wa Vodafone, na mpaka leo msingi ni uleule, tunza halafu sukuma. Haihitaji bando la intaneti. Kwa hiyo mtu akikuambia meseji haziingii kwa sababu huna bando, kwa meseji ya kawaida siyo kweli, ila kuna aina nyingine za meseji ambazo bando linahusika na tutazifikia.

Hatua ya 1: ni meseji zipi hasa hazifiki?

Usiruke hii. Chukua dakika mbili ujiulize, maana jibu lake ndo linakuambia uende hatua gani.

Kama hazifiki za mtu mmoja tu na za wengine zinaingia, angalia kama umemblok bila kujua (vidole vinateleza jamani), halafu mwambie na yeye ahakikishe ameseva namba yako sahihi. Hasa kama yuko nchi nyingine, namba aliyoseva ikianza na sifuri badala ya alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, meseji yake haijui iende wapi.

Kama hazifiki za watu wenye iPhone tu, na wewe uliwahi kutumia iPhone kwa namba hiyohiyo, nenda moja kwa moja hatua ya 6, dawa yako iko pale.

Kama ni za picha, video au za magroup tu, hizo siyo meseji za kawaida. Zinapita kwenye intaneti ya laini, kwa hiyo zinataka data iwe imewashwa na setingi za APN (zinazoiambia simu iunganishwe vipi na intaneti ya laini) ziwe sahihi. Washa data, siyo Wi-Fi, halafu jaribu kuifungua tena.

Kama ni za benki na namba za uthibitisho tu, nenda hatua ya 7.

Kama ni meseji ndefu tu ndo hazifiki au zinakuja nusu, hilo linasababishwa na kukatwa vipande. Meseji moja inabeba herufi 160, ikizidi hapo inakatwa vipande vya herufi 153 na simu yako inavishona tena vikifika. Anayetuma akiweka emoji hata moja uwezo unashuka hadi herufi 70, kwa hiyo meseji aliyodhani ni fupi inatoka vipande vitatu vinne. Kipande kimoja kikipotea njiani, simu nyingine zinasubiri kimya kimya bila kuonyesha kitu. Mwambie atume fupi bila emoji, ikiingia umeshajua.

Na kama hakuna hata moja inayofika, kutoka kwa yeyote, endelea chini kwa mpangilio.

Hatua ya 2: jitumie meseji mwenyewe

Andika meseji, weka namba yako mwenyewe kama mpokeaji, tuma. Inatoka kwako inaenda kituo cha meseji inarudi kwako, yaani umepima kwenda na kurudi kwa mara moja. Ikirudi, basi laini, mtandao na simu viko sawa, shida iko kwa watumaji fulani au kwenye kuficha. Ikikataa hata kutoka, angalia salio lako kwanza kabla hujaanza kulaumu simu. Ikitoka ila hairudi, mwombe mtu wa mtandao kama wako akutumie moja na mtu wa mtandao tofauti akutumie nyingine. Ya mtandao wako ikiingia na ya mtandao mwingine isiingie, simu yako haina kosa, hapo kuna kitu kati ya makampuni mawili na wewe kazi yako ni kuripoti tu.

Anayetuma akiwasha ripoti ya kufikishiwa kwenye setingi za meseji zake ni vizuri zaidi. Ripoti ikimwambia imefika na wewe huioni, hiyo imeshaingia kwenye simu yako, acha kuitafuta kwenye mtandao. Ikikaa inasubiri, bado iko kituoni. Kipimo hiki watu wengi hawajui hata kama kipo.

Hatua ya 3: mambo ya dakika moja

Washa hali ya ndege, hesabu mpaka thelathini, zima. Hapo simu inajisajili upya kwenye mnara na kituo kinapata habari kwamba umerudi, mara nyingi zilizokwama zinaanza kuingia zenyewe. Ikishindikana zima simu kabisa, toa laini, futa pale kwenye dhahabu kwa kitambaa kikavu laini, rudisha, washa. Kwa simu ya laini mbili angalia kama laini husika imewashwa kwenye setingi za SIM, maana kuna watu wanaizima kupunguza kero halafu wanasahau.

Uko nje ya nchi? Huduma ya kutumia laini yako ugenini lazima iwe imewashwa na kampuni yako, bila hiyo laini haitajisajili kwenye mtandao wa huko na hakuna meseji itakayofika. Na laini uliyoiweka kabatini muda mrefu bila kuitumia inaweza kuwa imeshafungwa, kampuni nyingi zinafunga namba isiyotumika na baadaye zinampa mtu mwingine.

Hatua ya 4: tafuta zilikofichwa

Simu janja za siku hizi zina akili ya kuchuja taka, na akili hiyo inakosea. Namba ngeni ikituma meseji yenye linki au maneno ya pesa, inapelekwa kwenye folda la pembeni na simu hailii wala haitetemeki. Wewe unaona kimya.

Kwa simu ya Android inayotumia apu ya meseji ya Google, fungua apu, gusa picha yako ya wasifu juu kulia, humo kuna sehemu ya taka na waliozuiwa. Fungua uangalie. Ukikuta meseji ya maana, ingia ndani yake uiambie siyo taka, zinazofuata za namba hiyo zitaingia kawaida. Kwa simu za Samsung zenye apu yao wenyewe, gusa vidoti vitatu, ingia setingi, tafuta sehemu ya kublok namba na taka, ndani yake zinakaa meseji zilizoblokiwa. Majina yanatofautiana kidogo toleo hadi toleo ila utayaona.

Kwa iPhone angalia setingi za Meseji kama umewasha kuchuja watumaji usiowajua, ukiwa umewasha meseji za namba ambazo hujaziseva zinakaa orodha yake peke yake na hazitoi taarifa. Halafu angalia waliozuiwa. Kuna tofauti hapa ya kuijua: kwenye iPhone mtu uliyemblok, meseji alizotuma wakati umemblok hazirudi, hata ukimfungulia leo utapata za kuanzia leo tu. Kwa hiyo usipoteze muda kuzitafuta, mwambie atume tena.

Halafu kuna hili la apu ya difolti, nalo nitalisema taratibu. Tangu Android 4.4 ya mwaka 2013, apu moja tu kwa wakati mmoja ndo inaruhusiwa kuwa msimamizi wa meseji kwenye simu. Sasa unashusha apu ya kukuonyesha jina la anayepiga, inakuuliza niwe apu yako ya meseji? unabonyeza ndiyo ili uendelee, basi, kuanzia hapo meseji zinaingia kule na yenyewe inazipanga inavyotaka, nyingine binafsi, nyingine matangazo, nyingine taka. Wewe unafungua apu yako ya zamani kila siku unaona hakuna kipya. Nimeona simu ya mama mmoja, kilalamiko chake ni kwamba benki imeacha kumtumia taarifa, kufungua ile apu nyingine meseji zote zipo, zimepangana toka ya kwanza mpaka ya leo, hazijasomwa hata moja. Nenda Setingi, Programu, Programu za difolti, angalia ya meseji imeandikwa ipi, rudisha unayoitumia wewe. Ukiona jina la apu usiyoijua kabisa, hiyo iondoe kwenye simu haraka, apu yenye ruhusa ya kusoma meseji inaona na namba zako za uthibitisho.

Mwisho kwenye kuficha ni taarifa. Meseji zinaingia kwenye apu ila simu hailii: angalia kama Usinisumbue imewashwa, angalia kama taarifa za apu ya meseji zimezimwa, angalia kama yale mazungumzo yenyewe umeyanyamazisha. Hapa hakuna cha kueleza zaidi.

Hatua ya 5: nafasi imejaa

Wenye simu za batani hii ni yenu, na ndo ya kwanza kuiangalia. Simu nyingi za batani zinaweka meseji kwenye laini yenyewe, na laini inabeba makumi machache tu ya meseji, siyo mamia. Ikijaa, simu inauambia mtandao sina nafasi, na kituo kinazishikilia zile zinazofuata. Dalili iko juu kwenye skrini: kibahasha kidogo kinawakawaka bila kutulia. Watu wanakiona kibahasha wanadhani ni meseji mpya, wanafungua hawaioni, wanafunga. Kumbe simu inaomba nafasi.

Futa matangazo ya zamani, kumi na tano hivi, usifute moja moja kwa huruma, halafu weka simu chini usubiri. Utasikia inaanza kulia, moja, nyingine, nyingine tena, za juzi na za jana zinamwagika mfululizo. Baada ya hapo ingia setingi za meseji, kama kuna chaguo la kuweka meseji kwenye simu badala ya laini, chagua simu.

Kwa simu janja meseji hazikai kwenye laini ila hifadhi ya simu ikijaa kabisa mpaka inakupa onyo, na yenyewe inaweza kukataa kupokea. Toa video kwanza, ndo zinakula nafasi, meseji za maandishi hazina uzito wowote wa kujali.

Ukishatoa nafasi unaweza pia kufuta kachi ya apu ya meseji, yaani vitu vya muda inavyojiwekea: Setingi, Programu, chagua apu ya meseji, Hifadhi, Futa kachi. Kachi tu. Na angalia sana, kwenye orodha ya programu za mfumo kuna moja inayohusika na hifadhi ya simu na meseji, ukifuta data ya ile umefuta meseji zako zote. Kuna mafundi wanawaambia watu waifute kama dawa ya kwanza, mimi sikushauri uiguse kama hujahamisha meseji zako pembeni.

Hatua ya 6: ulihama simu? cheki iMessage na RCS

Toka mwaka 2011 iPhone zinatumiana meseji kwa njia ya intaneti inayoitwa iMessage, zile zenye rangi ya bluu. Ukitoka iPhone ukahamia Android bila kuizima, Apple bado wanaamini namba yako iko kwenye iPhone, kwa hiyo rafiki yako mwenye iPhone akituma, meseji inaenda iMessage, inakutafuta kule, haikupati, na kwake inaonekana imetumwa. Wengine wote wanakupata, yeye tu hakupati. Hapa ndo ndugu wanagombana bure, huyu anasema nimetuma, huyu anasema hujatuma, na wote wanasema ukweli.

Kama ile iPhone bado unayo, rudishia laini, ingia setingi za Meseji, zima iMessage, na zima FaceTime (ile ya kupigiana video ya Apple) pia, subiri kidogo ndo utoe laini. Kama umeshaiuza, toka mwaka 2014 Apple wana ukurasa kwenye tovuti yao wa kuiondoa namba kwenye iMessage: unaweka namba yako, wanakutumia namba ya uthibitisho kwa meseji ya kawaida, unaiandika pale, imeisha. Baada ya hapo mwambie rafiki afute yale mazungumzo ya zamani aanze mapya, maana simu yake huwa inakumbuka njia ya zamani.

RCS nayo ni ndugu yake upande wa Android, na kuanzia iOS 18 ya mwaka 2024 hata iPhone zinaitumia. Inapita kwenye intaneti vilevile, ila iko ndani ya apu ileile ya meseji kwa hiyo mtu hajui kama ni kitu tofauti. Hapa ndo lile bando linaingia: mwenzako ametuma kwa RCS, wewe umezima data, meseji inasubiri uwashe. Washa data uone. Ikizingua kila siku, fungua apu ya meseji ya Google, gusa picha ya wasifu, ingia mipangilio ya meseji, tafuta RCS, izime. Utarudi kwenye meseji za kawaida na utapoteza vikorombwezo kama kuona mtu anaandika, kwangu mimi kama mtandao wa data ni wa kusuasua hiyo ni biashara nzuri. Na ukiuza simu au kuhamisha laini, izime kabla, siyo baada.

Hatua ya 7: namba za uthibitisho hazifiki

Hizi zinatumwa na mashine kwa wingi, zinapita kampuni za katikati kabla ya kufika kwenye mtandao wako, kwa hiyo zinaweza kukwama sehemu ambazo meseji ya mtu wa kawaida haipiti kabisa. Anza na taka na waliozuiwa kama hatua ya 4. Kisha kumbuka kama uliwahi kujibu STOP kwenye tangazo la watu haohao, au uliwahi kuomba kampuni yako ya simu ikufungie meseji za matangazo, kufunga huko wakati mwingine kunabeba na zile za muhimu. Hakikisha pia namba uliyojaza kwenye huduma hiyo ina msimbo wa nchi sahihi na siyo namba yako ya zamani, yaani hili ni la kijinga ila limewasumbua wengi.

Kama ulihama mtandao ukabaki na namba yako, baadhi ya watumaji wa wingi wanaendelea kupeleka meseji kwenye mtandao wako wa zamani mpaka kumbukumbu zao zisasishwe. Dalili yake: watu wa kawaida wanakupata vizuri, mashine hazikupati. Waambie kampuni yako mpya ya simu na hiyo benki, wote wawili. Na kama umebadilisha laini karibuni, kuna benki zinasimamisha namba za uthibitisho kwa muda kwa usalama wako, piga uwaulize kabla hujahangaika.

Kitu kingine, usibonyeze tuma tena tuma tena. Kila ukibonyeza namba ya mwanzo inakufa, zikija kuingia zote kwa mpigo hujui ipi ni hai, unakosea, wanakufungia. Omba moja, subiri dakika chache, ukishindwa tumia chaguo la kupigiwa simu usomewe kama lipo. Na yeyote atakayekupigia akisema ni huduma kwa wateja anakusaidia tatizo la meseji, nitajie namba iliyoingia sa hivi, kata simu. Hakuna tatizo la meseji linalotibiwa kwa kumtajia mtu ile namba.

Hatua ya 8: hamisha laini

Umefanya yote bado? Hiki ndo kipimo kinachomaliza ubishi. Kabla ya kutoa laini, hakikisha unajua PIN yake kama uliiweka, maana ukikosea mara 3 inataka PUK, yaani namba ya kuifungulia laini, na PUK ukikosea mara 10 laini imekufa moja kwa moja. Weka laini yako kwenye simu nyingine inayopokea vizuri, mwombe mtu akutumie meseji mpya. Ikiingia, laini na mtandao viko sawa, mgonjwa ni simu yako. Isipoingia, simu yako haina hatia, laini au akaunti ya namba yako ndo ina shida. Kama unatumia eSIM, ile laini iliyo ndani ya simu isiyotolewa, usihangaike kuihamisha, fanya kinyume chake: weka laini ya mtu mwingine kwenye simu yako uone kama inapokea.

Mgonjwa akiwa simu, jaribu kubadilisha aina ya mtandao. Kwenye 4G meseji inapita kwa njia tofauti na ilivyokuwa 2G na 3G, na mara nyingine simu inakuwa imejisajili nusu nusu, data inakimbia ila meseji haziingii. Setingi za SIM, aina ya mtandao unaopendelewa, shusha hadi 3G au 2G, subiri dakika moja, jitumie meseji. Ikiingia rudisha 4G ujaribu tena, ikigoma tena zima na kuwasha VoLTE, ile setingi ya kupiga simu za kuongea kupitia 4G. Kumbuka kuna nchi 3G haipo tena, Marekani kwa mfano kampuni kubwa zilimaliza kuizima mwaka 2022, huko kipimo hiki kitakukatia mtandao tu.

Kisha weka upya setingi za mtandao. Hii haifuti picha wala meseji, inafuta nywila za Wi-Fi, vifaa vya Bluetooth ulivyounganisha na VPN, kwa hiyo andika nywila pembeni kwanza. Kwenye iPhone iko Setingi, Jumla, kule chini kabisa kwenye kuhamisha au kuweka upya. Kwenye Android tafuta neno weka upya kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya setingi, ni haraka kuliko kukariri njia. Apdeti ya mfumo kama ipo ishushe pia.

Dawa mbili zinazosambaa ambazo hazikuhusu

Ya kwanza ni kubadilisha namba ya kituo cha meseji. Ile namba ni ya kutumia wakati unatuma, simu yako inauliza nipeleke wapi meseji inayotoka. Kupokea haihusiki kabisa. Ukiichezea na kuikosea unaongeza tatizo la pili, sasa hutumi wala hupokei.

Ya pili ni kupiga ##002#. Hiyo inafuta uhamishaji wa simu za kuongea. Meseji za kawaida hazihamishwi kwa njia hiyo. Kuipiga hakuna ubaya, na kama kuna mtu kahamisha simu zako itakusaidia upande wa kupigiwa, ila usiitegemee kwa meseji.

Hatua ya 9: piga kampuni ya simu, ukiwa na la kusema

Ukipiga ukasema tu meseji haziingii watakuambia zima uwashe. Wape hivi: namba iliyokutumia, saa na dakika ilipotumwa, ripoti ya aliyetuma inasema nini, kwamba umejaribu laini kwenye simu nyingine na matokeo yake, kwamba simu za kuongea zinaingia au haziingii. Kisha waombe vitu viwili kwa majina: wakague kama huduma ya kupokea meseji imefungwa kwenye namba yako, na wakusajili upya kwenye mtandao. Ikishindikana omba laini mpya kwa namba ileile, laini za miaka mingi zinachoka, na kumbuka vilivyosevwa kwenye laini ya zamani havihami, kwa hiyo hamishia namba za watu kwenye simu kabla hujaikabidhi.

Kuifuta simu nzima kunabaki kwa hali moja tu, laini yako inapokea vizuri kwenye simu nyingine, laini ya mtu mwingine haipokei kwenye simu yako, na mtandao umeshauweka upya. Hamisha picha, hamisha meseji, hakikisha unajua nywila ya akaunti yako ya Google au Apple maana simu itaiuliza ikiwaka, ndo ufute. Na ikimaliza, jitumie meseji kabla hujarudisha apu yoyote. Ikiingia hapo halafu ikagoma baada ya kurudisha apu, umeshampata aliyekuwa anazimeza.